Siku Tuliyowasha Jiko la Gesi Kivukoni Ndundu

Mume wangu alikuja nalo akiwa amening'inia pembeni ya trekta, kofia mkononi, anapunga kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nyuma ya trekta lilikuwa linayumba tela la bati, limepakwa rangi ya bluu, lina madirisha mawili, mlango na ngazi ya chuma. Mimi nilikuwa uani kwetu pale Kibiti napepeta mchele. Niliuacha chini, kuku wakaingia kazini, nikatoka mbio mpaka barabarani.

"Ndiyo hilo?" nilimuuliza.

"Ndilo! Nyumba, hoteli, na safari, vyote humo humo."

Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya barabara. Majirani walitoka wakidhani nimeletewa mwali.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu alikuwa na kitu anachouza, na aliyekosa cha kuuza alikuwa njiani kwenda kukitafuta. Mume wangu alikuwa dereva wa shirika moja la umma, likafungwa, akapewa kiinua mgongo chake na kurudi nyumbani. Wenzake walifungua vioski. Yeye alikuwa na wazo lake alilolipata miaka yote aliyopeleka mizigo Lindi. Kule Ndundu, kwenye kivuko cha mto Rufiji, malori na mabasi yalikuwa yanashinda kwenye foleni yakisubiri pantoni, na mvua ikinyesha yanalala. Watu wana njaa, na kuni mbichi hazishiki moto. Alisema tukiwa na jiko lisilojali mvua, na mahali pa kulala papo hapo, tumepata maisha. Kambi moja ya wajenzi wa barabara ilipokuwa inavunjwa, akalipata tela alimokuwa analala mhandisi wao.

Mama yake, mama mkwe wangu, tulikuwa tunaishi naye. Alizaliwa huko delta, mto unakoingia baharini, akaolewa huku juu, akafiwa na mume, na hakuwa mtu wa kutishwa na kitu. Alilizunguka tela lote, akagonga bati, akachungulia chini ya magurudumu.

"Choo kiko wapi?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi si nyumba. Lakini twende."

Mhandisi alikuja mwenyewe mchana ule kutukabidhi. Alikuwa mtu wa bara, mpole, ananiita shemeji tangu dakika ya kwanza. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya kukunja, meza iliyoshikizwa ukutani kwa bawaba, na jiko la gesi la mafiga mawili. Maisha yangu yote nilikuwa nimepikia kuni, mkaa na jiko la mafuta ya taa. Nilipogusa kile kitufe cha jiko nilihisi kama nimeshika usukani wa ndege.

"Shemeji, usiliwashe bado," akasema mhandisi akicheka. "Kwanza njoo nje."

Mtungi ulikuwa nje, mbele ya tela, umesimama wima na kufungwa kwa mnyororo. Alituambia usilazwe hata siku moja, na usiingizwe ndani hata mvua inyeshe vipi. Alituonyesha koki ya juu, mpira unaoingia ndani, na nati inayoushika mpira kwenye jiko. Mkitaka kuhama, alisema, fungeni koki. Mkifika, kagueni mpira kabla ya kufungua. Mkipika, dirisha wazi, kwa sababu moto unakula hewa ile ile mnayovuta. Jiko si la kuota moto, na msilale likiwaka.

Kisha akatupeleka ndani na kutuonyesha sakafuni, kwenye pembe chini ya kitanda, tundu lenye wavu.

"Hili msilizibe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, inatuama chini. Hapa ndipo inapopitia kutoka nje."

"Inatuama kama maji?" aliuliza mama mkwe.

"Hasa, mama. Kama maji usiyoyaona. Yanajaa kuanzia miguuni."

Mama mkwe alinyanyua miguu yake akaitazama. "Na nitajuaje kama yamejaa?"

"Wameitia harufu makusudi. Yai viza. Ukiisikia usiwashe kiberiti, usiguse hata swichi ya taa. Toka nje, funga mtungi, acha milango wazi."

"Hilo ni bomu mnanilaza nalo," mama mkwe akasema. Lakini nilimwona usiku huo akilifungia bomu lake kanga nzuri lisiingie vumbi.

Tuliondoka siku ya soko, asubuhi, trekta mbele na sisi nyuma. Mume wangu alikataa tukae ndani ya tela likiwa linatembea, kwa hiyo mama mkwe alipewa kiti cha pembeni ya dereva, na mimi na mume wangu tukapanda kwenye lori la jamaa yake lililokuwa linafuata. Barabara ilikuwa mashimo matupu na tope jeusi. Nililitazama tela langu likiruka, likiinama, likiinuka. Kila liliporuka nilishika kifua. Pale Ikwiriri watu walisimama madukani wanatushangaa. Wauza ufuta waliacha mizani. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama ni sarakasi imefika, na mama mkwe akampungia mkono juu ya trekta kama malkia.

Kivukoni foleni ilikuwa ndefu mpaka imepinda. Manyunyu yalikuwa yameanza. Hata hatujaegesha vizuri watu wakatuzunguka.

"Dada, kuna chai?"

"Kuna wali?"

"Mkianza tu, mimi wa kwanza!"

Nilikuwa nacheka bila sababu. Mume wangu aliutazama mpira kwa nje, akauona mzima, akafungua koki ya mtungi na kurukia kazi nyingine: kufunga turubai, kutafuta maji, kuongea na wateja. Mama mmoja kutoka delta, mwenye kanda kubwa la samaki wakavu, ng'onda wa kupeleka Lindi, akaomba kuwahifadhi ndani wasilowe. Mume wangu akalibeba kanda akalisukuma pembeni, chini ya kitanda. Manyunyu yakageuka mvua, tukafunga madirisha. Hakuna aliyefikiria kuwa kanda limekaa juu ya lile tundu la sakafuni.

Ndani mlikuwa na vitunguu, ng'onda na jasho. Mimi nilikuwa nimesimama mezani nakatakata vitunguu, macho yanatoka machozi. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachagua mawe kwenye mchele. Jiko lilikuwa mbele yangu, sufuria ya maji juu yake tayari. Nikajifuta mikono, nikachukua kiberiti.

"Kuna yai viza humu," akasema mama mkwe.

"Ni ng'onda hao, mama."

"Ng'onda? Mimi nimezaliwa kwenye ng'onda. Nimelala juu ya ng'onda. Hao si ng'onda."

Nilikuwa nimeshatoa njiti. Nikaigeuza vidoleni. Mara nikahisi mkono umenikamata kifundo cha mguu, umenikaza kama mtego.

"Usiwashe! Usiwashe, nakwambia! Inama!"

Niliinama. Ilinipiga puani kabla sijafika magotini. Pale juu nilipokuwa nimesimama kulikuwa na vitunguu na samaki tu, na huku chini, kwenye kimo cha mama mkwe, gesi ilikuwa imejaa. Niliweka njiti mezani taratibu kana kwamba ni yai. Nilimshika mama mkwe mkono, nikamwinua, nikasukuma mlango kwa bega, tukashuka ngazi pamoja kwenye mvua.

"Funga mtungi!" nikapiga kelele. "Baba, funga mtungi!"

Mume wangu alikuwa amebeba ndoo ya maji. Aliitupa. Alikimbia bila kuuliza, akaizungusha koki mpaka mwisho, kisha akaizungusha tena ingawa ilikuwa imeshafungwa. Pale pale mlangoni alikuwa amesimama utingo mmoja na sigara mdomoni, anasubiri chai.

"Wewe!" mama mkwe alimfokea. "Tupa hiyo sigara kwenye maji! Itupe, ama sote tunakwenda akhera na njaa zetu!"

Sigara ilizama kwenye dimbwi. Neno likapita kwenye foleni haraka kuliko mvua, watu wakarudi nyuma, madereva wakazima injini. Mume wangu alifungua madirisha kwa nje. Mama mkwe alitaka kuingia na mkeka aipunge gesi itoke kama anafukuza mbuzi, mume wangu akamzuia.

"Upepo utafanya kazi hiyo, mama. Tusubiri."

Tukasubiri, tumelowa, watu wote wametukodolea macho. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa natetemeka kwa furaha. Nilimtazama yule mwanamke mwembamba, mtandio umemgandia kichwani, na nikatamani kumkumbatia mbele ya malori yote yale. Nikamkumbatia.

"Niache, unanilowesha," akasema, naye alikuwa amelowa chepechepe.

Upepo wa mto ulipopita vya kutosha, mume wangu akaingia, akalitoa kanda la samaki, tundu likapumua. Akatoka, akasubiri nje tena muda mwingine. Kisha akaniambia nilete sabuni ya unga na maji kwenye bakuli. Nilikoroga mpaka povu likasimama. Akafungua koki kidogo tu, nami nikapaka povu kwenye mpira, kuanzia kwenye mtungi, nikienda nao hadi ndani. Mlangoni vichwa vilikuwa vimebanana. Kwenye mtungi, kimya. Kwenye mpira, kimya. Nilipofika kwenye nati ya jiko, povu likaanza kuvimba, likawa kubwa kama ndimu, likapasuka. Likavimba lingine.

"Hapo!" wakapiga kelele wote mlangoni.

Barabara yote ile ya mashimo ilikuwa imeilegeza nati polepole, shimo baada ya shimo. Mume wangu akafunga koki, akaleta spana, akaikaza. Koki ikafunguliwa tena, nami nikapaka tena povu. Tukaliangalia. Likakaa tu, likaanza kujifia lenyewe taratibu, bila hata kiputo kimoja.

"Goli!" akapiga kelele yule utingo aliyetupa sigara, na foleni nzima ikapiga honi.

Madirisha tukayaacha wazi, mvua iingie ikitaka. Nikachukua kiberiti, lakini mama mkwe akaninyooshea kiganja.

"Nipe mimi."

"Mama, wewe ulisema ni bomu."

"Nimeshaijua harufu yake. Nipe."

Aliwasha njiti kwanza, kama tulivyofundishwa, akaisogeza, kisha akageuza kitufe. Ulitoka moto wa bluu, duara safi, hauna moshi wala masizi. Mama mkwe alicheka kama msichana. Akauzima, akauwasha tena, ili auone tena.

Tulipika wali na mchuzi wa kamba wa delta, nazi nzito, ndimu. Sahani zetu zilikuwa za bati, zenye maua mekundu, tulizozikusanya kwa ndugu na majirani wa Kibiti. Nilikuwa nimewapakulia watu wote waliokuwa karibu, wamesimama chini ya turubai wanakula kwa mkono, wakati pantoni lilipopiga king'ora kutoka ng'ambo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kila mtu alikimbilia gari lake, na kila mtu alikimbia na sahani! Mume wangu alifukuzana na basi mpaka kwenye ulimi wa pantoni, akipiga kelele, "Sahani! Sahani zetu!" Abiria walimpungia kutoka madirishani, wanatafuna. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya tela akicheka mpaka akashika mbavu.

Tulibaki na masufuria. Kesho yake tulipakulia kwenye majani ya mgomba, na wateja wakasema hivyo ndivyo chakula kinavyonoga zaidi. Kisha magari yakaanza kurudi kutoka kusini. Dereva mmoja alishuka na sahani tatu chini ya kwapa. Utingo mwingine akaleta moja imefungwa kwenye gazeti. Ziliendelea kuja muda mrefu, kutoka Kilwa, kutoka Lindi, mpaka tukawa na sahani nyingi kuliko tulizoanza nazo, baadhi zina maua ya kijani ambayo hakuna jirani wa Kibiti aliyewahi kuyadai.