Mubirizi kwa Chuchu za Paka

Mimi sikusoma. Nilifika ya tatu primaire, nikaacha, nikabeba magunia pale sokoni Nyawera, halafu nikashuka mashimo ya dhahabu ya Kamituga kabla ndevu hazijaota. Leo nina depo yangu ya unga na maharage, ukuta wa matofali, mlango wa chuma wenye kufuli tatu. Hakuna mtu aliyenisukuma mgongoni. Ninasema hivi ili mjue kwamba mtu wa namna yangu hazoei kuuliza. Anaona, anafanya. Na ndivyo nilivyokaribia kuua watoto wanne wa paka.

Mama yao ndiye mlinzi wa kweli wa depo. Alipozaa ndani ya katoni nyuma ya magunia, panya walipata habari kabla yangu. Watoto walipotimiza wiki nne hivi, magunia mawili ya unga yalikuwa yametobolewa, na yeye amelala tu ubavu, wanamng'ang'ania. Nikawaangalia: macho wazi, wanatembea, meno kama sindano. Nikasema, basi, waachishwe ziwa, mama arudi kazini.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Papa, wacha. Atawakatalia yeye mwenyewe, siku yake ikifika."

"Mimi nani aliniachisha? Mama alipaka mubirizi kwa ziwa, siku moja tu. Nikalia, nikakula bukari kama wakubwa. Leo unaniona."

"Ninakuona," akasema, bila kuinua macho.

Mubirizi ni yale majani machungu yanayoota kwenye ua wa kila nyumba huku kwetu. Mtoto akionja mara moja, anaagana na ziwa. Nikayaponda, nikamshika paka nyuma ya shingo, nikampaka chuchu moja moja mpaka zote zikawa kijani. Nikajipongeza. Kitu kimoja tu sikukifikiria: mwanamke aliyepakwa mubirizi hajirambi tumbo. Paka hujiramba.

Alijiramba mara moja. Povu likamjaa mdomoni. Akatikisa kichwa, akaruka juu ya magunia, akapenya kwenye tundu chini ya mabati, akaenda.

Nilijua atarudi kabla ya saa sita. Saa sita ikapita, saa tisa ikapita. Ndani ya katoni walikuwa wanalia kwa sauti nyembamba, wote wanne, kisha watatu.

Sisi Bashi, watu wa ng'ombe, ukituambia mtu ni dhaifu, tunatafuta maziwa ya ng'ombe. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka kwa mtu mwenye ng'ombe, nikaleta maziwa ya siku ileile, nikayapasha, nikayamimina kwenye sahani. Wakaingia ndani kwa miguu. Nikawasukuma pua, wakakohoa, wakapiga chafya. Mwishoni watatu waliramba miguu yao wenyewe, nikaona nimeshinda.

Asubuhi katoni ilikuwa inanuka. Wote walikuwa wanaharisha. Yule mdogo, wa rangi ya majivu, alikuwa amelala pembeni, na nilipoivuta ngozi yake ya mgongo ilibaki imesimama, maji yamemwisha mwilini. Kule Kamituga udongo ukishuka tulikuwa tunagonga jiwe, halafu tunanyamaza kusikiliza kama mtu wa ndani anajibu. Nilidhani nimesahau kusikiliza kwa namna ile. Sasa nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu yangu ya simenti, sikio langu ndani ya katoni.

Kiliya, mteja wangu mmoja, akasimama mlangoni. "Patron, unga iko?"

"Iko. Ngoja."

"Ninangoja nini?"

"Niko na wagonjwa."

Akachungulia, akacheka mpaka akashika mlango. "Ayi! Patron munene hivi, umekuwa maman wa paka!"

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilirudisha sikio ndani ya katoni.

Mbele ya depo yangu kuna mjane mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kicheko kilimleta. Akaangalia katoni, akaniangalia mimi.

"Mama yao iko wapi? Ulimufanya nini?"

"Nilimpaka mubirizi, akakimbia."

Akashika kiuno. "Mubirizi! Kwa paka! Na kesho ungewapeleka kwa nyanya yao, vile tunapelekaka watoto wetu tukiwaachisha?"

"Maman, utacheka kesho. Leo unisaidie."

Akachota sambaza kwenye beseni lake. "Maziwa ya ng'ombe, mwaga. Chemsha hii bila chumvi, bila mafuta. Ponda sana na maji yake, ikuwe kama uji. Uweke kwa kidole. Na usimusukume mutu: akitaka, atakuja."

Nikaponda kama alivyosema. Kidole changu hiki, chenye kucha iliyovunjwa na nyundo ya shimoni, nikakiweka mbele yao. Wa kwanza akanusa, akauma, akaramba. Wa pili, wa tatu. Ulimi wao unakwaruza kama msasa. Mdogo akageuza uso. Nikachovya pembe ya kitambaa kwenye maji ya samaki, nikamdondoshea mdomoni, tone, nangoja, tone. Siku nzima. Nilifungua nusu ya mlango tu.

Kesho yake mchana nilikuwa ninapasha sambaza nyingine kwenye jiko la makala, mara kichwa kikatokea kwenye tundu chini ya mabati.

"Papa," bibi yangu akanong'ona, "usitingishike."

Paka akashuka. Hakuniangalia. Akanusa watoto, halafu akaenda kwenye sahani ya sambaza, akaanza kula. Chakula cha watoto! Nikataka kumfukuza. Bibi akanishika shati.

Mdogo akasimama, akaanguka, akasimama tena. Nilidhani anatafuta ziwa. Lakini alienda mdomoni mwa mama yake, akaunusa, akaramba samaki kwenye ndevu zake. Kisha akateremsha kichwa kwenye sahani. Akaramba. Nikangoja. Akaramba tena. Ndipo akaingia chini ya tumbo akanyonya, na mimi nikashika kichwa nikiogopa mubirizi ingali pale. Alinyonya mpaka akalala.

Wiki zilizofuata walikula samaki na kunyonya vilevile, mpaka paka mwenyewe akaanza kuwakatalia, mguu usoni, siku yake ilipofika. Wote wanne ni wazima. Panya hawapo.

Lakini mpaka leo nikiingia depo na majani mkononi, hata lengalenga za kupika, paka anapanda juu ya magunia mpaka nitoke. Bibi yangu anachambua maharage, ananiona.