Mawe ya Heru Juu Yaliyoogeshwa

Mwaka 2013 nilifunga safari ya Kasulu kwa sababu ya ubishi. Nilikuwa Dar es Salaam nasomea miamba, shahada ya pili, na msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Dokta, alishikilia kwamba tabaka la kijivu kule Heru Juu lilijengeka kabla mimea haijaota nchi kavu. Mimi nilikwisha andika kwamba ni changa kuliko hapo. Wa kutuamua walikuwa spora, ule unga laini ambao mimea kama kangaga humwaga ili izaliane. Ukizikwa topeni hudumu ndani ya jiwe, na kila zama ina spora zake. Tukawekeana dau: nikizipata, Dokta atanibebea mkoba chuoni kutwa, nikizikosa nitabeba wake, na tasnifu naiandika upya.

Treni ya Kigoma ilitembea ilivyojisikia. Baada ya Tabora niliacha kuuliza tutafika lini, maana kila aliyenijibu alicheka kwanza. Kigoma nikapanda basi la Kasulu, vumbi jekundu likaniingia hadi menoni.

Heru Juu nilifika mchana kwa bodaboda. Mwenyeji wangu, Mama Odilia, mkulima wa mihogo na maharage, alinipokea kwa "mwidiwe", salamu ya Kiha, kisha akataka kujua kama kwetu mawe yamekwisha. Nilimweleza habari ya spora kwa kirefu. Akawatafsiria wakwe zake kwa Kiha, nao wakacheka muda mrefu kuliko maelezo yenyewe.

Kesho yake nilichimba ukingoni mwa kijito, nikajaza mfuko, nikalala fofofo.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta mfuko mtupu. Mawe yangu yalikuwa kikapuni yaking'aa, yamesuguliwa kisimani na kulazwa juu ya makangaga mabichi. Mama Odilia alinieleza kwa fahari kwamba mgeni haondoki kwake na mzigo mchafu. Nilitamani kulia. Nyuma ya kila jani kulikuwa na vidoa vya kahawia vilivyojaa spora za mwaka huo huo, na mimi ningezitangaza kuwa za kale. Lakini utamwambia nini mtu aliyekuogeshea mawe?

"Mama, haya yamependeza mno," nilisema. "Mwalimu wangu anataka yale mabaya."

Alinitazama kwa huruma. "Pole, mwanangu. Na ndiye anayekufundisha?"

Nikaahirisha safari. Familia nzima ilishuka kijitoni kunisaidia kutafuta mawe yenye sura mbaya, wakwe wakashindana na kubishana. Safari hii niliyafunga mwenyewe kwenye plastiki. Kikapu nacho nilikibeba, maana kukikataa kungekuwa tusi.

Dar es Salaam, maabarani, niliyasaga yale mabaya na kuyayeyusha kwa tindikali. Sikuona spora hata moja. Kulikuwa na viduara vyeusi tu, mabaki ya vijimea vya majini vilivyoishi kabla nchi kavu haijajua jani. Dokta alikuwa sahihi, nami nikanyong'onyea kweli kweli.

Kisha shetani akanipitia. Kabla Dokta hajaja kuyaona majibu, nilikung'uta unga wa makangaga ya kikapuni kwenye kioo, nikamwita kwenye hadubini. Alichungulia bila miwani, akauchukua mkoba wangu.

Aliubeba hadi kantini, mbele ya wanafunzi wote. Baada ya chakula akarudi na miwani, akachungulia tena.

"Spora za kale huwa bapa, na rangi imekolea," alisema taratibu. "Hizi zimenona. Zimekula wapi?"

Nikamsimulia yote. Alicheka hadi akakalia kiti, kisha akanikabidhi mikoba yote miwili.

Tasnifu niliiandika upya, na safari ile ilinifunza kwamba jiwe lisilo na spora nalo lina jibu, hata likikuumbua. Nilimpigia simu Mama Odilia kumwambia kwamba mawe ya kijito chao ni mazee kupita majani yote duniani.

"Basi nilifanya vizuri kuyaogesha," alisema. "Mzee hasafirishwi mchafu."