Fundi Aliyetokea Dirishani kwa Heshima ya Mama Mkwe

Habari hii nilielezwa na Glodie, jirani yangu hapa Bigo, mtaa wa Bunia, Jumanne asubuhi, tukichambua sombe, majani ya muhogo, mbele ya mlango wangu. Alianza kucheka kabla hajaeleza, halafu katikati akaacha kucheka. Kesho yake nikaenda kumtazama mume wake kazini, maana sikutaka kuandika maneno ya upande mmoja.

Saa moja asubuhi, Fiston anachanganya mchanga na saruji. Koleo linaingia, linageuka, linatoka. Anamwaga maji kidogo kidogo, anajaza ndoo mbili, anapanda nazo kwenye mbao mpaka kwa fundi aliyekaa juu ya ukuta. Anashuka, anaanza tena. Yeye si fundi. Yeye ni msaidizi wa fundi, aide-maçon, na kazi hiyo ameifanya tangu mwaka alioingia Bunia akikimbia vita ya Djugu.

"Ukuta naujua," ananiambia bila kusimama. "Usiku fundi akisharudi kwake, asubuhi naona fasi alipopinda. Lakini mi nikishika mwiko, patron anasema: weye, iko wapi karatasi?"

Karatasi anayosema ni cheti cha ufundi. Msaidizi analipwa faranga elfu saba kwa siku. Fundi mwenye cheti analipwa mara mbili yake, tena anaitwa kwanza kazi ikitokea. Fiston ana miaka thelathini na moja, watoto watatu, Espoir akiwa wa kwanza, na mgongo ambao kwa maneno yake mwenyewe "umeanza kulalamika kama muzee".

Basi mwaka huu, kituo kimoja kinachofundisha watu wazima kilitangaza kanisani nafasi za mafunzo. Uashi, useremala, ushonaji. Miezi tisa, bila malipo. Lakini masharti yalikuwepo. Uwe umefika miaka kumi na minane, uwe na kadi ya uchaguzi na barua ya chefu wa mtaa. Asiye na cheti cha shule ya msingi apite mtihani wa kuingia: dictée, yaani imla, na hesabu. Na sharti la mwisho, lililobandikwa mlangoni kwa wino mwekundu: anayetoka nje kabla ya kumaliza, amejiondoa mwenyewe.

Fiston aliacha shule darasa la nne. Kugawa hakukujua kabisa. Wiki nyingi Glodie alimketisha jioni na kipande cha ubao na chaki. "Tuligombana kuliko siku zote za ndoa," Glodie anasema. "Nikimwambia gawa, yeye anazidisha. Nikamuuliza, baba Espoir, weye unapenda tu vitu viongezeke?"

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa ajili ya wasomaji wasio wa kwetu. Mama Anastasie, mama yake Glodie, anakaa parcelle moja, kiwanja kimoja, na binti yake. Zamani alikuwa anakausha samaki Tchomia, kando ya ziwa, naye alikimbia na nguo alizovaa. Nyumba yake ya mbao imegeuzia mgongo nyumba ya mkwe wake. Fiston akitoka kwenda kazini, anazunguka nyuma ya choo ili wasikutane. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Mmoja akiwa na neno, analipitisha kwa Glodie. Si ugomvi. Ndiyo heshima ya mkwe na mama mkwe, na kwao wanaishika kama walivyoikuta.

Siku ya mtihani, Fiston aliamka mapema, akavaa shati la misa. Mama Anastasie naye alimwambia binti yake kwamba anaenda kwenye maombi ya wanawake.

Glodie hakuuliza. Nani anauliza mama yake kuhusu maombi?

Mtihani ulifanyika katika kalasi ya shule ya msingi iliyoazimwa. Viti ni vya watoto, vya wawili wawili, na watu wazima waliingiza magoti chini ya ubao kwa shida. Msimamizi, Laurent, kijana kutoka Kisangani, aligawa karatasi. Karibu na Fiston palikuwa wazi. Kalasi nzima, hapo tu ndipo palibaki wazi.

Laurent alikuwa ameanza kusoma dictée mlango ulipogongwa. Mama mmoja aliingia amejifunika kitenge kichwani, anahema, viatu vimejaa matope. "Mama, umechelewa," Laurent akasema. "Haya, ingia. Ukae pale, karibu na yule baba."

Fiston aliona kwanza viatu. Viatu vya plastiki vya kijani, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Uzi ule aliununua yeye, akautuma kwa mkono wa Glodie.

"Nilisikia moto mpaka kwenye masikio," ananiambia, na hapo ndipo koleo likasimama. "Mlango ni moja, na yeye iko mu mlango. Nikiinama chini ya ubao, ataketi juu ya kichwa yangu. Weye mama unayeandika, ungefanya nini?"

Alifanya hivi: alipanda juu ya kiti, akapitisha mguu dirishani, akaruka nje na kalamu mkononi.

Kalasi ililipuka. "Huyu dictée imemushinda kabla ya nukta!" mmoja akapiga kelele. Mwingine: "Baba, rudi, hawapigi fimbo hapa!" Laurent akabaki mdomo wazi, kitabu mkononi.

Mama Anastasie hakucheka. Yeye alikuwa amekwisha kuona mgongo ule ukipita dirishani, na mgongo wa mkwe wake anaujua, maana mgongo ndio anaouona kila siku. Akaweka karatasi aliyopewa juu ya meza ya Laurent. "Hiki kiti kina mwenyewe," akasema. Akatoka mlangoni.

Hapo ndipo penye kichekesho na uchungu pamoja. Fiston alisimama nyuma ya jengo, akimngojea mama mkwe amalize kuandika kwa amani. Mama Anastasie alisimama kwenye geti, akimngojea mkwe wake arudi aandike kwa amani. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake nafasi, na nafasi ilibaki na hewa.

Laurent alichukua kalamu nyekundu na kuyakata majina yote mawili. Sharti lilikuwa mlangoni, na yeye hakulitunga.

Aliyeokoa kidogo ni mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya mtihani, muuza maharage kutoka Butembo, aitwaye Vahwere. Kukimbiana kwa namna ile alikutambua, akanyoosha mkono kama mtoto. "Monsieur, wale hawakukimbia kazi yako. Ile ni bokilo! Mutu na bokilo yake utawaweka kwenye kiti moja? Kwenu Kisangani mnafanya hivyo?"

"Bokilo! Mkwe!" kalasi ikaitikia, na wale waliocheka wakaanza kuona haya.

Laurent alimwita mkubwa wa kituo, directrice Charlotte, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Alikwenda getini, akaongea na Anastasie. Akazunguka nyuma ya jengo, akaongea na Fiston. Akarudi getini, kisha nyuma ya jengo tena.

"Mama anasema uingie weye," akamwambia Fiston mara ya pili.

"Mumwambie yeye ndiye aingie. Mi niko kijana, nitapata mwaka mwingine."

"Na yeye anasema ameshazeeka, cherehani si kitu. Sikilizeni, mi si mupira wa kupigwa huku na huku!" Directrice akavaa miwani. "Mama ataandika ndani. Weye utaandika huku nje, kwenye dirisha, umegeuza mgongo. Dictée itasomwa tena mara moja. Lakini saa ya kumaliza haibadiliki. Hiyo siwezi. Wengine watasema nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Fiston aliandika amesimama, karatasi juu ya ubao mdogo alioegemeza ukutani, mgongo kwa kalasi. Dictée aliimaliza. Kwenye hesabu, alipata muda wa kujumlisha na kutoa. Alipofika kwenye kugawa, Laurent alikusanya karatasi.

Matokeo yalisomwa Ijumaa iliyofuata. Mama Anastasie, ambaye utotoni alifika darasa la sita kwa masista bila kupata cheti, alipokelewa kwenye ushonaji. Fiston alikosa, na alikosa kwa kidogo, jambo linaloumiza zaidi. Directrice alimwita pembeni: mtihani mwingine uko mwezi wa kwanza, asiache kuja.

Kazini wenzake wamempa jina. "Fundi wa dirisha! Leta ndoo!" wanaita, naye analeta. Nilimuuliza kama angerudishwa siku ile angefanya nini. Alifikiri, akaweka ndoo chini.

"Ningetoka tena. Lakini mama, usiku ule sikulala. Nilijiambia, heshima yangu imenila mwaka muzima. Watoto watakula heshima?"

Nikamwacha ainue ndoo yake.

Mama Anastasie alinipokea nyumbani kwake, ameketi juu ya mkeka, anapiga pindo kwenye kipande cha kitambaa cha mazoezi. Ni mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye maneno machache. Alikuwa amekwenda kwa directrice kuomba nafasi yake apewe mkwe. Akajibiwa kwamba kiti cha ushonaji hakigeuki kuwa kiti cha uashi.

"Kwa nini ulificha?" nikamuuliza.

"Mutu wa miaka makumi tano kurudi kalasi? Wangenicheka. Sasa wamecheka hata hivyo."

Nikamwambia kwamba nimesikia watu wa mtaa wakishauri atoe kuku, wale pamoja, mwiko uondolewe, maisha yawe mepesi. Hapo aliacha sindano.

"Nyumba iliungua. Chanja za samaki ziliungua. Mume wangu hata kaburi sijui. Ile heshima ndiyo kitu nilitoka nayo kule, haikuungua. Niiuze kwa kuku?" Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi: "Lakini ule mutoto amekosa kwa ajili yangu. Hiyo pia naijua."

Lakini njia yake alikuwa amekwisha kuipata. Glodie ndiye aliyenieleza, akiisukuma sahani ya sombe pembeni ili atumie mikono yote miwili.

Tangu wiki iliyopita, jioni baada ya kula, mama anaketi ndani ya nyumba yake, karibu na ukuta wa mbao. Fiston anaketi nje, upande wa pili wa ukuta ule ule, mgongo kwa mbao, kipande cha ubao juu ya magoti. Glodie anakaa mlangoni, katikati.

"Mwambie mume wako: matofali mia tatu sitini, wabebaji kumi na watano. Kila mutu abebe ngapi?"

"Baba Espoir, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie mama, ni mingi."

"Mama, anasema ni mingi."

"Mwambie mingi si namba."

Glodie anasema shingo ilimuuma kwa kugeuka. Jumatatu, usiku wa kuamkia siku aliyonisimulia, alikuwa amefua tangu asubuhi, na mtoto mdogo ameshalala mapajani. Akafikiri: hawa wote wanasikiana vizuri kabisa, mimi ni simu yao ya nini? Akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango, akafumba macho, akaanza kupumua kwa nguvu.

"Glodie," mama akaita. "Glodie!"

Glodie akazidi kupumua kwa nguvu.

Mama Anastasie akakohoa. Fiston naye, nje, akakohoa. Kisha mama akaivuta taa yake ndogo ya sola karibu na uso, na kuanza kuongea nayo.

"Ee taa," akasema. "Kuna watu wanataka kugawa yote mara moja, kama watu wanaomeza ugali bila kutafuna. Taa, weye ungefanya pole pole. Ungechukua kumi na tano mara kumi. Inakuwa mia moja hamsini. Tena mara kumi. Inakuwa mia tatu. Sasa, taa, mu mia tatu sitini inabaki nini?"

Nje, chaki ikakwaruza.

"Ee buti," Fiston akaiambia buti yake ya kazi. "Inabaki makumi sita."

"Taa, mu makumi sita, kumi na tano inaingia mara ngapi?"

Chaki ikasimama. Ikaanza tena. Ikafuta, ikaandika. Glodie anasema alitaka kufumbua macho amsaidie, akajizuia mpaka machozi yakamtoka.

"Buti," Fiston akasema hatimaye, na sauti yake ilibadilika. "Mara ine. Buti, kila mutu anabeba ishirini na ine! Ni mi nimebeba yale matofali miaka yote, na sikujua yanagawiwa hivyo!"

Ndani, mama hakusema "vizuri". Hakusifu. Aliiambia tu taa: "Sasa mia nne ishirini, kwa kumi na mbili."

Waliendelea hivyo, taa na buti, hesabu baada ya hesabu. Fiston alikosea mbili, akarudia, akapata moja. Mwezi wa kwanza anarudi kwenye mtihani. Kwangu alisema atawahi kuliko wote, na kabla ya kuketi atauliza kwanza kalasi nzima kama kuna mtu wa ukoo wa mke wake. Akipata cheti, ukuta wa kwanza atakaoujenga ni wa nyumba ya mama mkwe, wa matofali, na mlango utazamao barabara.

"Ee taa," mama akasema mwishowe, akipiga mwayo. "Iambie ile buti ikalale. Kesho iko kazi."

"Buti, umesikia. Tuende."

Fiston aliinuka, akazunguka nyuma ya choo kama kawaida, akaingia kwake. Haikupita muda akaanza kukoroma. Mama Anastasie alitoka na shuka, akamfunika binti yake na mjukuu pale mlangoni, asiwaamshe, akazima taa, akalala.

Glodie alibaki macho gizani, akicheka chini ya shuka, amebana mdomo kwa kiganja. Kisha na yeye usingizi ukamchukua.