Ndoo ya Bibi wa Bondeni

Mimi ndiye niliyekuwa nikipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu Kongowe, daftari la kamati ya usafi kwapani, kuwakanya watu wasitapishe vyoo. Kutapisha ni hivi: shimo likijaa, mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa ukuta wa shimo kwa mtarimbo, na uchafu unaondoka na maji kwenda kwa jirani wa chini. Niliwasema watu vibaya. Baba mmoja nilimwita muuaji mbele ya watoto wake, na sikumwomba radhi.

Chini kabisa ya mteremko alikaa bibi mmoja mjane, mwenye kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe. Bomba likikauka, mtaa mzima tulichota kwake. Alikaa kibarazani akikagua ndoo. Ukija na ndoo chafu anakurudisha ukaioshe. Hata mimi na daftari langu alishanirudisha.

Mwaka huo shimo letu lilijaa. Gari la kunyonya maji taka lilikuja likashindwa kupita uchochoroni, maana kila mtu alikuwa amesogeza uzio wake mbele, na sisi tumo. Dereva akarudi kinyumenyume. Nikaandika barua ya malalamiko kwa kamati, nikaipokea mwenyewe. Wanangu wakawa wanaomba choo kwa majirani, na majirani wakaanza kutuchoka.

Mvua za masika zilipopamba moto, mchana mmoja mume wangu alichukua mtarimbo. Hakuniuliza. Aliniangalia tu, nami nikaingia chumbani kukunja nguo ambazo nilikwisha kuzikunja. Nilisikia chuma kikigonga tofali. Ningeweza kutoka nikamzuia. Sikutoka.

Kesho yake asubuhi bibi alipanda kwetu, matope hadi magotini, ndoo mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha maji ya kisima chake. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Andika, mwanangu," alisema. "Hawa watu wewe ndiye unayewaweza."

Niliandika. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, naye akadhani nina hasira kwa ajili yake. Akaniuliza kama nitampata aliyefanya hivyo.

"Tutafuatilia, bibi."

Ukurasa ule ninao mpaka leo, na mahali pa jina la mtuhumiwa pako wazi. Kisima chenyewe kimegeuka jalala. Watu wanatupa humo pampasi na mifuko, na sina mdomo wa kumkanya yeyote. Kila masika vyoo vinatapishwa, cha kwetu kikiwemo.

Asubuhi ile, kabla hajaondoka, bibi aliomba maji ya kunywa. Nilikuwa na ndoo moja tu ndani, niliyoichota kwake kabla ya mvua. Nikamjazia kikombe. Akanywa yote, akakifuta kwa ncha ya khanga, akasema nimshukuru Mungu, kwangu bado kuna maji safi.