Mbio nilikuwa nazo, kusimama ndiko sikujua: singles za pickleball, Lodwar vs Kakuma

Wakuu, hamjambo popote mlipo.

Naweka hii hapa kama ilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Mwenye kutaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Vihiga, nafanya kazi ya serikali hapa Lodwar. Kwa ambao hawaijui pickleball: ni kama tenisi iliyofupishwa. Paddle ngumu, mpira wa plastiki wenye matundu, uwanja mdogo. Mdogo hivyo hivyo, lakini ukicheza singles, yaani wewe peke yako upande wako, utajua hujui.

Basi kukawa na mashindano Eldoret, na huku kwetu, Lodwar na Kakuma pamoja, alitakiwa mwanamke mmoja tu wa singles. Niliitaka hiyo nafasi mpaka naiota.

Kati yangu na Eldoret alisimama Achol.

Achol ni Msudani Kusini, anauza vitenge Kakuma. Mrefu, mpole, mcheshi. Alikuwa amenichapa kila tulipokutana. Kila mara! Halafu ananinunulia soda, jambo lililoniuma kuliko kichapo chenyewe.

Nikaamua shida yangu ni speed. Nikaanza kukimbia kwenye lagga, ule mto mkavu, mchangani, asubuhi kabla jua halijaanza fujo zake. Wa huku mnaujua mchanga huo, ukitembea tu unatoka jasho. Mapaja yakawa magumu kama gogo. Nikatangazia ofisi nzima kwamba safari hii Achol atalia.

Tukacheza mechi ya kirafiki Kakuma, kwenye uwanja wa basketball wa shule tuliouchora mistari yetu.

Wakuu, nilikuwa na mbio za punda aliyekata kamba. Na kama huyo punda, kusimama sikuweza. Mchanga ulinifunza kuchimba mguu na kusukuma kwa hatua ndefu. Kwenye simiti nikawa napita mpira, breki hakuna. Achol akangoja nianze kukimbia, kisha akaurudisha mpira pale nilipotoka. Mchezo wake ukawa huo huo mpaka mwisho.

Nilirudi Lodwar magoti yanauma. Ofisini waliniuliza Achol alilia saa ngapi.

(Pembeni kidogo: msitangaze ushindi kabla ya mechi. Wenzenu wana kumbukumbu.)

Jumapili nikaenda kanisani. Wakati wa sadaka kwaya huimba nyimbo za Kiturkana na watu wanaruka edonga, ile ngoma ya Kiturkana ya kurukaruka, wanaume kwa wanawake, mpaka vumbi linapanda. Mimi huwa napiga makofi huko nyuma kama mgeni rasmi. Siku hiyo Akiru, mwenzangu wa ofisini na ndiye tunayecheza naye pickleball, akanisalimu kwa Kiturkana na kunivuta mkono.

"Ejok! Leo hakuna kusimama huko nyuma. Kuja uruke!"

Nikaruka. Nikatua kwa kisigino, meno yakagongana.

"Hapana, angukia mbele ya mguu," Akiru akasema huku anacheka. "Miguu yote mbili pamoja, alafu unaruka tena."

Nikajaribu. Mara ya kwanza, ya pili, halafu mwili ukakubali. Ukitua vile, magoti yamelegea, unaweza kwenda upande wowote unaotaka.

Hapo hapo, sadaka ikiwa bado mkononi, nikaelewa. Hiyo ndiyo split step! Karuko kadogo mpinzani anapopiga mpira, utue, ndipo uende. Nilikuwa nimeitazama kwenye video mpaka bundles zikaisha, na bado mwili haukuishika. Nilipiga kelele ya furaha, watu wakadhani ni Roho.

Nikaachana na lagga. Kila jioni mimi na Akiru tulikuwa kwenye simiti ya parking. Yeye anarusha mpira kwa mkono, kushoto au kulia, nami siruhusiwi kuondoka kabla sijatua. Nikianza mapema, ananirudisha. Hatua fupi, nyingi, za ubavu. Kuruka, kutua, kwenda. Nilipenda mazoezi hayo kuliko chakula.

Siku ya kutafuta mtu wa Eldoret tukarudi Kakuma. Achol akaanza na mbinu yake: akaupeleka mpira kulia, kisha nyuma yangu. Nilikuwa pale. Akaupeleka tena. Nilikuwa pale! Nikamwona anakunja uso kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Aliniongoza, nikamfikia, akaniongoza tena, nikampita. Pointi ya mwisho akaudondosha mpira karibu kabisa na wavu. Nilitua, nikachomoka, nikaufikia na kuusukuma pembeni. Ukaingia ndani ya mstari.

Achol alisimama mikono kiunoni. Halafu akavuka, akaninyanyua juu mzima mzima, na kilo zangu hizi.

"Asante," akaniambia. "Mimi nilichoka kushinda peke yangu."

Wakuu, nililia mimi.

Eldoret nilitolewa mapema na binti mmoja wa chuo, wala sikununa. Nilichojifunza: kabla ya kutafuta mbio, jifunze kutua. Wanaocheza Garissa au Wajir kwenye joto kama letu, tuambieni hapa chini mnafanya drills gani.

Na kama mnauliza, juzi tumecheza tena na Achol akanichapa. Safari hii soda nilinunua mimi.