Vitundu Chini ya Milango

Gari lile lilikuwa la Mtaliano mwenye nyumba Malindi, na baba yangu alikuwa dereva wake. Liliundwa Italia kabla sijazaliwa: milango miwili, pua ndefu, gari la watu wanaokwenda mbali kwa raha. Mwenyewe alilileta kwa meli mpaka Mombasa, siku moja akalibamiza kwenye kalvati, likanyooshwa Malindi na kupakwa rangi upya. Alipougua akarudi kwao, akamwachia baba alitunze mpaka yeye au bintiye aje.

Baba hakumwamini mtu. Alilivusha kutoka Mokowe, upande wa bara, juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja kwa mbao, akalileta kwetu kisiwani Amu, mji ambao gari halina pa kupita. Watu walitucheka mpaka wakachoka. Akaliweka katika banda langu la kuundia vyombo vya baharini, na mwaka uleule akafa. Kabla hajafa aliniambia, "Hini si yetu, mwanangu. Ni amana. Itunde kama mato yako."

Wallahi nililitunza kama macho yangu. Usukani uliopasuka niliuchongea mwingine wa mvule. Kutu niliikwangua kwa mkono. Kisha nikaona vitundu chini ya milango na kandokando ya sakafu. Mimi ni fundi wa vyombo. Tundu kwangu ni adui. Nikaviziba vyote kwa pamba na mafuta, nikapaka shahamu juu yake kama tunavyopaka matumbo ya majahazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilijiambia. Kila masika banda lilivuja, michirizi ya kutu ikatokea milangoni, nami nikaongeza pamba. Nilijiona hodari.

Mwaka huu binti alipiga simu. Baba yake amefariki, anakuja kulichukua gari. Hana kingine kilichokuwa cha baba yake. Nikaenda kulipangusa. Nilipoushika mlango kwa chini, kidole gumba kikapenya. Nikajaribu upande wa pili, kikapenya tena. Sakafu nayo ilibonyea kama mkate uliolowa.

Siku tisa nilibandika mabati, na kila nilipogonga msumari pakafunguka pengine. Mke wangu akasema, "Mwambie kweli." Nikamfokea, kisha nikakaa chini bandani nikalia, mtu mzima mimi.

Binti akaja, mwanamke wa makamo sasa, Kiswahili chake cha Malindi hakijamtoka. Aliushika usukani wa mvule, akausifu, nami nikatamani ardhi inimeze. Wapagazi ishirini wakalinyanyua gari walipeleke ufukweni. Sakafu ikabaki chini.

Binti alichuchumaa, akachokoa chini ya mlango kwa ufunguo, kwenye pembe isiyotoboka, akavuta pamba. Maji ya rangi ya chai yakamwagika miguuni pake, mvua ya miaka yote ile. Akauliza, "Nani aliyeziba hapa?"

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikasema, "Ni baba yangu, Bi. Mungu amrehemu."

Akasimama, pamba ingali mkononi mwake.

"Baba yako alinifundisha kuvizibua," akasema. "Nilikuwa mdogo. Kila Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, alinipa kijiti cha ufagio, tukavipitia kimoja kimoja. Aliniambia gari lazima litoe maji."

Akaiweka ile pamba mkononi mwangu, akaondoka kwenda gatini.