Shimo la Makumbi la Bi Mize

Harufu ya makumbi, yale maganda ya nazi, yakishaoza haipendezi, sikudanganyi. Lakini juzi mtu wa Uroa aliponishushia mzigo wa kamba za makumbi dukani kwangu Mlandege, mjini, nilinusa nikacheka peke yangu. Mimi huyu, mwenye milango mitatu ya duka na darasa la nne sikulimaliza, mawazo yakanirudisha pwani kwa bibi yangu, Bi Mize, aliyemzaa mama.

Bibi alikuwa akifukia makumbi ya nazi kwenye tope miezi kadhaa, yakilainika ayaponde, asokote kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, na kufukua la mwenzio ni wizi. Basi siku moja, maji yamekupwa, bibi akafukua la Bi Zuwena.

"Mize, siku hizi unafukua vya watu?" akauliza Bi Zuwena. Wanawake wakacheka.

Mama alitoka kwenye shamba lake la mwani, kanga imerowa. Yeye hakucheka. Alisema akili ya bibi ishachoka, kesho apelekwe mjini kwa mjomba, akakae ndani. Bibi akakaa kwenye tope.

Nilikuwa na miaka tisa, na mwalimu alishanitangaza mjinga. Lakini makumbi yale tuliyafukia pamoja, na alama yetu ilikuwa mnazi mrefu uliosimama mstari mmoja na paa la msikiti. Nikatazama juu: mnazi haupo, umekatwa wiki ile ile. Bibi, kwa macho yake yenye ukungu, alikuwa ameufuata mnazi mwingine.

"Mama, kasimame pale kwenye kisiki."

"Nifanye nini?"

"Uwe mnazi."

Akaenda, akinung'unika. Nikarudi topeni kwenye safu ya mashimo, nikasogea pembeni hatua kwa hatua, mpaka kichwa cha mama kikawa mstari mmoja na paa la msikiti. Nikachimba. Makumbi haya hapa, na kipande cha wavu tulichoyafunikia kiko juu yake.

"Zuwena, njoo utazame," bibi akasema, keshasimama. "Na huyo mwalimu mwiteni pia."

Habari ya mjini haikutajwa tena. Mama aliamuru tu kwamba kila maji yakipwa, nikitoka shule, niende na bibi. Nilitembea kifua mbele. Nilijua nimepewa cheo, mlinzi wa Bi Mize.

Mpaka nilipopata watoto wangu ndipo nilipomwelewa mama. Kutwa alikuwa kwenye mwani, na hofu zake mbili: mama yake asije akachukuliwa na maji, na mwanawe asije akaamini kuwa ni mjinga. Alitukabidhi mimi na bibi, kila mmoja amchunge mwenzake.